Kidaka na Kabati la Vioo: Safari Inapoingia Nyumbani

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii imezoeleka kufasiriwa kwa upande wa mwenda peke yake, kana kwamba faida yote ya kutembea huhesabiwa kwa kile alichokiokota msafiri njiani. Ni nadra kuulizwa swali la pili, ambalo huenda likawa gumu zaidi: msafiri akisharudi na alichokiokota, akiweke wapi? Na akishakiweka, yule mkaa bure aliyebaki nyumbani akilinda mlango na kuuguza wagonjwa, akitazame kwa jicho gani? Insha hii inalifuata swali hilo katika nyumba mbili za Lamu, moja kongwe na moja mpya, na katika mkasa wa mwalimu mmoja aliyerudi kutoka masomoni Ulaya akidhani kwamba safari yake imekwisha, kumbe sehemu yake ngumu ndiyo kwanza inaanza.

Mwalimu huyo, mwanamke mzaliwa wa Lamu na mfundishaji wa Kiswahili, alikaa London miaka minne akisomea shahada ya uzamivu, na katikati ya masomo hayo akapata mwezi mmoja wa kukaa Lisbon. Aliporudi alijenga nyumba ya matofali ya saruji nje kidogo ya mji wa kale, na jambo la kwanza alilomwagiza fundi seremala lilikuwa kabati la mvule lenye milango ya vioo. Humo alipanga alivyorudi navyo: mnara mdogo wa saa uliofuliwa kwa shaba, mwanasesere aliyevikwa sufi, tiketi za treni zilizotiwa katika fremu, birika la udongo la buluu pamoja na vikombe vyake, kigae cheupe chenye michoro ya buluu kutoka Lisbon, na picha yake mwenyewe akiwa amesimama kwenye theluji. Chini ya kila kitu aliweka kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono wake, yenye jina la mahali na mwaka. Kabati likawekwa sebuleni, mkabala wa mlango, ili mgeni asiweze kuingia pasipo kuliona.

Mgeni wa kwanza wa maana alikuwa shangazi yake. Bibi huyo hakupata kufika mbali zaidi ya Mombasa. Alipokuwa msichana alipata nafasi ya kusoma huko, lakini mama yake akaugua, na katika nyumba ile ikaonekana kwamba yeye ndiye wa kubaki. Alibaki. Miaka mingi baadaye, ufadhili wa masomo ya mpwa wake ulipogharimia ada bila ya kugharimia nauli, ni yeye aliyetoa bangili zake mbili za dhahabu zikauzwe. Hakusema neno siku ile, wala hakulisema baadaye. Basi siku alipokuja kuitazama nyumba mpya, alilizunguka lile kabati mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyeingia dukani ilhali hana senti. Alisoma kadi mbili tatu. Akasema, "Mashallah, mwanangu, umefika mbali." Akanywa chai nusu kikombe, akaaga. Tangu siku hiyo hakuja tena. Kila alipoitwa alimtuma mtoto kusema kwamba magoti yanamsumbua, au kwamba jua ni kali.

Mwalimu aliyasadiki magoti kwa muda wa miezi miwili. Hatimaye mama yake ndiye aliyemfumbua macho. "Mwanangu," alimwambia, "shangazi yako hana maradhi ya magoti. Vile vitu vyako vinamwuliza kila aingiaye: na wewe umefika wapi? Yeye hana la kuvijibu."

"Mama, mimi nimeviweka watu wafurahi pamoja nami," alijitetea.

"Najua. Lakini kuonyesha ni kimoja na kukaribisha ni kingine. Njoo kesho nyumbani, ukae mle ndani uitazame kuta."

Nyumba aliyoitiwa ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya aina zilizojengwa na matajiri wa Lamu hasa katika karne ya 18, na ambazo zimeufanya mji huo wa kale uingizwe na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mnamo 2001. Mwalimu alizaliwa humo, na kwa sababu hiyo hasa hakuwa amewahi kuitazama. Ukitoka uchochoroni unakutana kwanza na daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo wageni wanaume hupokewa na mazungumzo yakamalizikia papo hapo. Kutoka hapo njia hupinda, ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, ule uwanja mdogo ulio wazi kwa juu unaoingiza mwanga na hewa. Ng'ambo ya kiwanda hufuatana vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: misana kwanza, kisha ndani. Wembamba wake umetokana na boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Na huko nyuma kabisa, katika ukuta wa ndani, ndiko viliko vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu: safu juu ya safu za vishubaka vilivyofinyangwa kwa chokaa na kutiwa nakshi, kila kimoja kikiwa na kina cha kutosha sahani, kitabu, au chombo kidogo cha kigeni.

Mpango huo una hekima yake ya ujenzi. Ukuta uliotobolewa vidaka huifanya nyumba nyembamba ionekane ina kina zaidi ya kile ilichonacho. Mwanga unaotoka kiwandani hugonga kingo za chokaa, vivuli vikaanguka ndani ya kila kishubaka, na jicho likapata njia ya kwenda pale ambapo mwili hauwezi kupita. Lakini una hekima nyingine, nayo ni ya adabu. Aliyekaribishwa darini pa daka hakuona hata sahani moja. Aliyevushwa kiwanda aliziona kwa mbali, kama weupe na ubuluu usio na umbo. Aliyefika ndani, yaani jamaa wa karibu, bi harusi, mzazi, mgonjwa, ndiye aliyekaa nazo kitako. Kwa hiyo kadiri mtu alivyokuwa karibu na wenye nyumba ndivyo alivyokuwa karibu na safari zao. Hapakuwa na mgeni aliyepokewa kwa bahari nzima mlangoni.

Bahari kwa hakika ilikuwamo. Kaskazi, pepo za takriban Desemba hadi Machi, zilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ilipoanza kuvuma vikarudi. Kwa njia hiyo, na kwa kupokezana bandari hata bandari, vyombo vya kauri vya Kichina vilifika pwani hii karne nyingi kabla ya karne ya 18, na baadaye vikafuatwa na sahani za viwanda vya Ulaya. Huko Gedi, ambako James Kirkman alianza uchimbuaji mwaka 1948, baadhi ya nyumba zilipewa majina kutokana na vitu vilivyokutwa humo: Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Mkasi. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, sahani zilipachikwa katika nguzo za makaburi, zikamfuata mwenyewe hata alipokwisha kusafiri safari isiyo na marejeo. Sahani ilikuwa ni bahari iliyotulia ukutani.

Mwalimu alikaa mle ndani mchana mzima. Katika kidaka kimoja cha safu ya tatu kulikuwa na sahani ya buluu iliyounganishwa mahali ilipopasuka. Alimwuliza mama yake ilitoka wapi. Mama hakujua. Nani aliileta? Hakujua pia, aliikuta alipoolewa, na mama mkwe wake naye alisema aliikuta. Alichojua ni mambo mengine: kwamba ilipasuka siku ya arusi ya fulani, kwamba ilijazwa halua sikukuu moja ya njaa wakati halua ilikuwa haipatikani, kwamba watoto watatu wa nyumba ile walijifunza kuhesabu kwa maua yaliyochorwa ukingoni mwake. Safari iliyoileta ilikuwa imesahauliwa kabisa. Maisha yaliyoipokea yalikuwa yamehifadhiwa yote.

Hapo ndipo Mwalimu alipokumbuka kitu alichokiona London na ambacho wakati ule kilimfurahisha bila ya kumfikirisha. Katika British Museum kuna vigae vya vyombo vilivyookotwa pwani ya Kilwa Kisiwani, vya kati ya mwaka 900 na 1400 hivi: vingine vya hapa hapa Afrika Mashariki, vingine vya nchi za Kiislamu, vingine vya Uchina. Mwaka 2010 viliingizwa katika mfululizo maarufu wa vitu mia moja vya kuisimulia historia ya dunia. Maelezo yake yanamwambia mtazamaji kila kitu kuhusu vilikotoka: umri, udongo, rangi, njia ya biashara. Hayawezi kumwambia nani alilia kilipovunjika. Jumba la makumbusho halina budi kuwa hivyo, maana vitu vyake vimekosa watu na maelezo yamechukua nafasi ya watu hao. Lakini nyumba ina watu. Mwalimu akatambua kwamba yeye, mwenye mama na shangazi walio hai, alikuwa amevipanga vitu vyake kama vya mtu asiyekuwa na jamaa.

Si haki, hata hivyo, kukisifu kidaka kana kwamba kilikuwa na moyo safi. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana na matajiri, na sehemu kubwa ya kazi iliyozalisha utajiri wao ilifanywa na watumwa. Katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Safu za sahani zilikuwa pia kipimo cha cheo. Wala wenyewe hawakulikosa onyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi unaokadiriwa kutungwa mwanzoni mwa karne ya 19, alivitaja vidaka vya majumba ya Pate miongoni mwa dalili za fahari iliyopita: pale palipokaa kauri sasa wamefanya viota ndege. Aidha, bibi wa nyumba aliyekaa kitako na bahari ukutani mwake mara nyingi alikuwa ni mtu ambaye bahari yenyewe hakuruhusiwa kuivuka. Vidaka vilimletea dunia, na pengine vilitumiwa kumridhisha asiidai. Jambo hili Mwalimu hakuweza kulipuuza, maana shangazi yake alikuwa ameishi katika ukuta wa namna hiyo.

Kosa lake la pili lilikuwa kuiga umbo. Alimwita fundi mwashi amchongee safu mbili za vidaka katika ukuta wa sebule yake. Fundi akamwonyesha picha katika simu: kazi aliyoifanya katika nyumba ya wageni huko Shela, vidaka vya saruji vilivyo safi, kila kimoja kikiwa na taa ndogo na chombo kimoja cha kupendeza. Tangu miaka ya 1970 watalii na wanunuzi wa vitu vya kale wamevipenda sana vidaka na vilivyomo, na sahani nyingi zimeondoka ukutani kwa njia hiyo, kuanza safari mpya. Mwalimu aliitazama picha ile kwa muda. Vidaka vilikuwa vyema, vimepimwa vizuri kuliko vile vya mama yake. Ila vilitazama mlango. Ilikuwa kabati lake lile lile, limenyimwa vioo tu. Akamlipa fundi nauli ya kuja, akamwambia asubiri.

Alichokitafuta kwa waashi alikipata, kwa namna fulani, katika kazi yake mwenyewe. Akiwa Lisbon alipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, na asubuhi ya kwanza bibi huyo aligonga ubao wa mahali pa kulia chakula na kusema *mesa*. Mwalimu alishtuka kama aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua. Wareno walifika Malindi mwaka 1498. Walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593. Ngome hiyo ikatekwa na Waomani mwaka 1698. Mizinga yao imebaki kuwa vitu vya kutazamwa. Lakini meza, na leso, na kasha vimeingia ndani, na hakuna Mswahili anayeketi mezani huku akihisi kwamba yumo ugenini. Ama neno kitabu, ambalo kila mwanafunzi wa isimu hulichambua mwaka wa kwanza, lilikwenda mbali zaidi: silabi yake ya kwanza, ambayo katika Kiarabu ni sehemu ya mzizi, ilisikika masikioni mwa Waswahili kama kiambishi cha ngeli, na tangu hapo vitabu vikapangwa pamoja na viti na vikombe. Lugha haikulibandika neno kadi ya kueleza lilikotoka. Ililipa ngeli, ikalipa kazi, ikaliacha lizoeleke. Anayetaka kujua asili yake na aulize. Asiyetaka, na asome kitabu.

Mwalimu alikuwa amelifundisha somo hilo miaka kumi bila ya kufikiria kwamba lilihusu pia samani.

Alianza kwa kuziondoa kadi. Kisha akalifungua kabati na kukiuliza kila kitu swali moja: katika nyumba hii wewe una kazi gani? Mnara wa shaba haukuwa na jibu. Ukapewa mtoto wa jirani, ambaye aliufanya mnara wa simu katika mchezo wake. Mwanasesere naye akaenda njia hiyo hiyo. Tiketi za treni zikarudi ndani ya vitabu kuwa alama za kurasa, mahali zilipokuwa tangu mwanzo. Kigae cha Lisbon kilipachikwa jikoni, nyuma ya jiko, katikati ya vigae vya kawaida, mahali ambapo mpishi tu ndiye hukiona, na mafuta yakawa yanakirukia kama yanavyovirukia vyenzake. Picha ya theluji aliipeleka chumbani mwake, kwenye ukuta wa pembeni. Birika la buluu likatoka kiooni likaingia motoni mwa siku: likatiwa tangawizi na iliki, ambazo halikuwahi kuzionja lilikotoka, na baada ya wiki mbili lilikuwa na doa la majani ya chai lisilotoka. Kabati lenyewe likahamishwa chumba cha nyuma, likawekwa mashuka.

Katika ukuta wa sebule alimwita tena fundi, akamwomba kidaka kimoja tu, upande ambao mtu huuona akiwa amekwisha kuketi. Fundi akauliza kitawekwa nini. Mwalimu akasema bado hajui. Jibu hilo halikuwa kweli kamili. Alikwisha kuzitafuta zile bangili mbili kwa sonara aliyezinunua, akaambiwa kwamba ziliyeyushwa zamani na kufanywa kitu kingine. Nauli yake ilikuwa imekwisha kuwa pete za masikio ya watu asiowajua. Kati ya vyote vilivyohusika na safari ile, kitu pekee kilichostahili kuwekwa mahali pa heshima ndicho ambacho hakikuweza kurudi. Kidaka kikabaki kitupu.

Kisha akaenda mwenyewe kwa shangazi, kwa miguu, wakati wa alasiri. Hakumwalika kuja kutazama kitu. Alimwambia kwamba chai yake ya tangawizi haitoki vizuri na hajui anakosea wapi. Shangazi alimtazama kitambo, akavaa buibui lake, na magoti hayakutajwa njiani.

Alipoingia hakuliona kabati, wala hakuliuliza. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akanusa tangawizi, akasema ni nzee; akapima majani kwa kiganja chake, akalifunika birika kwa kitambaa, akalingoja. Kile kigae kilikuwa mbele ya macho yake. Alikipangusa mafuta kwa ncha ya kanga kama angekipangusa kigae chochote. Walikunywa sebuleni. Kikombe cha pili kilipokuwa katikati, shangazi aliinua macho akakiona kidaka. "Na hiki mbona kitupu?"

"Kina mwenyewe, Shangazi. Ni cha bangili zako."

Bibi hakujibu. Aliutazama ukuta, akautazama na mkono wake wa kulia, kisha akajaza vikombe vyote viwili pasipo kuuliza kama mwenziwe anataka. Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa ubavuni na kivuli kimekijaza kidaka hadi nusu. Ilipita muda kabla hajasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki:

"Hebu niambie. Hiyo baridi ya huko ilikuwaje hasa? Anza pale uliposhuka kwenye ndege."

Mwalimu akaanza pale aliposhuka kwenye ndege. Shangazi akawa anamkatiza kila hatua, akimsahihisha, kwamba asingalivaa hivi, asingalikubali bei ile, na yule mama wa Lisbon angalimjibu vile. Maghribi iliwakuta bado hawajatoka uwanja wa ndege.